Askari hajajibu kesi, je, tuombe hukumu?

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenzetu walioshtaki polisi bila wakili hapa Ohio, Marekani, ni hili: "Dada, siku 21 zimepita na askari hajajibu. Si nimeshashinda?" Bado. Siku hizo ni muda ambao mdaiwa hupewa kujibu tangu akabidhiwe samansi, yaani wito wa mahakama. Nimewaona watu wenye madai ya kweli kabisa wakilia baada ya jaji kukataa ombi lao la hukumu ya upande mmoja, yaani hukumu dhidi ya mdaiwa aliyekaa kimya, na machozi mengine yangeweza kuepukwa.

Mimi si wakili. Ni mkalimani, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, na kazi yangu ni kumsomea mtu barua ya mahakama kwa Kiswahili mpaka aelewe kilichoandikwa. Kanuni ninazozitaja ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Ushauri wa kesi yako mwenyewe utafute kwa wakili au kwenye kliniki ya msaada wa sheria.

Nitaeleza kwa kesi ya mama mmoja kutoka Uvira, aliyeniruhusu kuisimulia bila jina lake. Polisi walivunja mlango wa nyumba yake usiku, bila hati ya upekuzi, wakimtafuta mtu ambaye hajawahi kuishi pale. Akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho kwa Kifungu cha 1983 (hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka), sheria iliyotungwa mwaka 1871 kupambana na ugaidi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kule kusini mwa Marekani, na ambayo mpaka leo ndiyo inayomwezesha mtu kumdai fidia ofisa wa jimbo au wa mji aliyevunja haki zake za kikatiba. Aliwashtaki askari wawili pamoja na mji wenyewe.

Ada ya kufungua kesi ni dola 405. Waumini wenzake kanisani walimchangia, akalipa yote. Hapo kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi: aliyesamehewa ada kwa sababu ya kipato kidogo, mahakama huagiza maofisa wake wa marshal wampelekee samansi. Aliyelipa ada anabeba kazi hiyo mwenyewe, na ana siku 90 za kuikamilisha.

Mpwa wake alipeleka samansi zote kituo cha polisi kwa posta ya rejesta. Ile kadi ya kijani ya kuthibitisha mapokezi ikarudi. Mama alikuja nayo imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani na kuniambia, "Mwanangu, saini hii hapa. Wamepokea." Nikaangalia saini. Ilikuwa ya mtu wa mapokezi.

Sasa, Kanuni ya 4 ya uendeshaji wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho inataka askari anayeshtakiwa binafsi akabidhiwe samansi mkononi, au iachwe nyumbani kwake kwa mtu mwenye umri na akili ya kutosha anayeishi hapo, au apewe wakala aliyeidhinishwa kumpokelea, au zifuatwe taratibu za sheria ya jimbo. Anayeipeleka lazima awe na miaka 18 au zaidi na asiwe mwenye kesi. Mji una utaratibu wake: samansi inakwenda kwa mtendaji wake mkuu, au kwa njia ambayo sheria ya jimbo imeweka. Barua ya mpwa ilikuwa imeandikiwa kituo tu, na aliyetia saini hakuwa wakala wa yeyote kati yao. Kama samansi haikufika kisheria, zile siku 21 hazijaanza kuhesabiwa. Mama alikuwa anahesabu siku ambazo kwa mahakama hazikuwepo.

Tena alikuwa ameshapeleka ombi la hukumu moja kwa moja kwa jaji. Kanuni ya 55, katika kanuni hizo hizo, ina hatua mbili. Kwanza unamwomba karani aandike kwenye jalada kwamba mdaiwa ameshindwa kujibu, ukiambatanisha kiapo kinachoonyesha samansi ilifikaje na lini. Karani akishaandika, ndipo unaomba hukumu. Na hukumu yenyewe karani anaweza kuitoa pale tu dai linapokuwa la kiasi kinachojulikana, kama deni la mkopo. Hofu ya mama aliyevunjiwa mlango usiku haina risiti, kwa hiyo ni lazima jaji aamue, na anaweza kuitisha kikao cha ushahidi. Mdaiwa asipojibu, maelezo yako ya tukio huchukuliwa kuwa kweli. Kiasi cha fidia hakichukuliwi hivyo, na jaji bado ataangalia kama hayo uliyoeleza yanavunja sheria.

Kuna pia kiapo kwamba mdaiwa hayuko katika utumishi wa jeshi, kinachotakiwa na sheria ya kulinda wanajeshi. Wizara ya Ulinzi ina tovuti ya kuhakiki hilo bure. Watu wengi hukisahau.

Bahati siku 90 zilikuwa hazijaisha. Safari hii rafiki wa familia alipeleka samansi kwa mikono, na kwa kila mdaiwa akaandika kiapo: tarehe, mahali, nani amepokea. Mji na askari wa kwanza wakajibu kwa wakati. Wa pili akanyamaza. Mama akaomba, karani akaandika. Nyumbani kwake walipiga vigelegele.

Muda si mrefu wakili wa mji akaomba maandishi yale yafutwe, na jaji akayafuta. Katika mahakama za eneo letu, jaji hupima mambo matatu: kama mlalamikaji ataumia kwa kucheleweshwa, kama mdaiwa ana utetezi wa maana, na kama alikaa kimya kwa makusudi. Shaka ikiwepo, mahakama hupendelea kesi iamuliwe kwa ushahidi. Na hata yasingefutwa, tangu kesi ya Frow dhidi ya De La Vega ya mwaka 1872, mahakama husita kumhukumu mmoja aliyenyamaza wakati wenzake wanaendelea kujitetea kwa jambo lile lile.

Hili linaniuma, nalisema wazi. Tangu kesi ya Haines dhidi ya Kerner, mwaka 1972, majaji wanatakiwa kuyasoma madai ya mtu asiye na wakili kwa upole. Lakini upole huo ni wa kusoma maandishi, tarehe za mwisho zinambana kama kawaida. Wakili wa serikali akichelewa, anaandika kurasa mbili na kwa kawaida anaongezewa muda. Mama wa watu anayefanya kazi usiku ghalani akichelewa, kesi yake inaweza kutupwa. Najua sababu za kanuni hizi, na bado naona mzani hauko sawa.

Kwa aliyeko gerezani ni kugumu zaidi. Sheria ya mwaka 1996 inamruhusu mdaiwa kukataa kabisa kujibu kesi ya mfungwa bila kuhesabiwa kuwa amekubali lolote, na mfungwa hawezi kupewa nafuu mpaka jibu liwasilishwe. Jaji akiona kesi ina nafasi nzuri ya kushinda, anaweza kumwamuru mdaiwa ajibu. Kwa hiyo familia zinazoniandikia zikiuliza mbona ombi la ndugu yao limekataliwa wakati askari magereza hajasema neno, jibu mara nyingi ni hilo.

Je, usiombe? Omba, kama samansi ilifika sawasawa. Ni haki yako, na mara nyingi ndilo linalomtoa mdaiwa mafichoni. Yule askari wa pili alipeleka jibu lake baada ya karani kuandika, si kabla. Ila usiache kukusanya ushahidi kwa kutumaini kimya chake. Mama sasa anadai video za kamera ambazo askari wale walivaa kifuani usiku ule, na barua ya maombi tumeitafsiri wiki hii.