Mluzi kwenye redio ya baba mdogo

Magari yanayotoka Japani huja na redio zao, na redio hizo hazitufai sana. FM ya huko inaanzia 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90, ilhali stesheni zetu zimetapakaa kati ya 88 na 108. Kwa hiyo Corolla ya baba mdogo ilipofika Tanga mwaka 2013, ilishika stesheni chache za mwanzo wa masafa, zaidi ya hapo hakuna kitu. Chini ya dashibodi kulikuwa na kidude cha kulipia barabara za huko kwao, na kila gari likiwashwa sauti ya mwanamke ilitoa tangazo kwa Kijapani. Watoto wa nyumbani walilikariri lote, wakawa wanalitamka uani wakiendesha magari yao ya maboksi.

Baba mdogo si mtu wa muziki. Alikuwa na biashara ya machungwa, hivyo njia ya Muheza alikuwa nayo karibu kila siku, na alitaka akiwa njiani asikilize Kurani. Alituambia mimi na kaka, mwanawe mkubwa: "Nifungieni redio nzuri. Nataka nimsikie msomaji mpaka anapovuta pumzi." Mimi nilikuwa nimetoka VETA, chuo cha ufundi, fani ya umeme wa majumbani. Kaka alikuwa na mikono myepesi na alishawahi kumsaidia rafiki yake kufunga mziki kwenye daladala. Tukanunua redio inayosoma flashi, spika nne na amplifaya, yaani kikuza sauti, ya chaneli nne, tukaegesha gari chini ya mti wa mkungu, tukang'oa siti.

Kazi ile tuliifanya kwa adabu. Waya mwekundu mnene tuliutoa kwenye betri, tukauwekea fyuzi yake palepale karibu na betri, tukaupitisha kwenye tundu lenye mpira nyuma ya injini, ukalala chini ya zulia upande mmoja wa gari mpaka kwenye buti. Nyaya za RCA, zile zinazochukua sauti kutoka redio kwenda amplifaya, tukazipitisha upande wa pili ili zisikaribiane na waya wa umeme. Ethi ya amplifaya, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, tuliifunga kwenye bolti ya mkanda wa siti ya nyuma. Mafundi wengi hufunga hapo, na bolti yenyewe ni nene, ukiitazama tu unaiamini.

Gari likiwa limezimwa, sauti ilitoka safi kiasi kwamba jirani alisogea kusikiliza. Baba mdogo akaketi, akawasha injini. Msomaji alisoma aya ya kwanza vizuri. Aliponyamaza kabla ya aya ya pili, ndani ya kile kimya ukasikika mluzi mwembamba, *nyiiii*. Baba mdogo akagusa mafuta kidogo, mluzi ukapanda. Akaachia, ukashuka. Kaka akasema, "Baba, ukiongeza sauti hutausikia." Kwa muziki wa ngoma nzito angekuwa amesema kweli. Lakini usomaji wa Kurani una vituo, na kila kituo kilikuwa mlango wa ule mluzi kuingia. Baba mdogo alizima gari, akatoka bila neno. Niliumia, maana alikuwa ameniamini.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na jibu lake. Duka moja la spea lilisema alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, imekufa daiodi, inunuliwe nyingine. Jingine likampa baba mdogo kichujio cha kelele, kiboksi kidogo cha kuchomeka kwenye nyaya za RCA, akalipa akarudi nacho. Nilimwomba asikifungue kwanza. Vichujio vile vina transfoma ndogo ndani, na zile za bei rahisi hula besi. Na hata kikifaulu, kosa linabaki palepale kwenye gari.

Habari ya alteneta nayo ilikuwa na nusu ya ukweli. Alteneta inazalisha umeme wa mawimbi wa fezi tatu, kisha daiodi zilizo ndani yake zinaunyoosha uende upande mmoja. Haunyooki ukakamilika. Juu ya zile volti 14 yanabaki mawimbi madogo, na kasi yake inafuata kasi ya injini, ndiyo maana mluzi unapanda ukipiga resi. Ila hata alteneta nzima inayo mawimbi hayo. Nilipima betri: gari likiwa limezimwa volti 12.6, likiwa linanguruma 14.1, na taa hazikuwa zikipepesa. Sikuona sababu ya kumtoa mzee pesa ya alteneta.

Aliyenifungua macho ni fundi umeme wa magari, mzee mmoja aliyekuwa na meza yake kando ya barabara. Nilimwamkia, nikamweleza mkasa wote. Hakuomba hata kuliona gari. Aliniuliza tu: "Ukishusha sauti ya redio mpaka sifuri, huo mluzi unashuka nayo?" Nikamwambia haushuki, unabaki vilevile. "Basi mwanangu, unaingia baada ya redio. Anzia nyuma uje mbele."

Nikarudi mbio. Nilizima amplifaya, nikachomoa RCA, nikawasha tena na injini ikinguruma. Kimya. Amplifaya haikuwa na kosa, wala nyaya za spika. Kaka yeye alishaamini kwamba RCA zinanusa umeme mahali fulani chini ya zulia, kwa hiyo tukazitoa, tukazining'iniza juu ya siti, mbali na waya wowote. Mluzi uleule. Hapo nikachukua simu yangu, nikaiunga kwenye amplifaya kwa waya wake, nikaweka usomaji. Injini inanguruma, sauti safi, vituo safi. Simu ilikuwa inakaribia kuisha chaji, nikaichomeka kwenye chaja ya gari pale penye tundu la kiberiti cha sigara, na papo hapo *nyiiii*. Nikachomoa chaja, mluzi ukakatika. Nikachomeka, ukarudi. Nilimwita kaka, nikarudia mbele yake, tukatazamana.

Sikulala mapema usiku ule, nilikuwa nachora kwenye daftari. Kwenye nyumba, nilivyofundishwa, waya wa ethi hukaa ukingoja hitilafu. Siku zote haupitishi kitu. Kwenye gari ni vingine kabisa. Hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, na bodi ndiyo njia ya kurudi ya umeme wa taa, feni, honi, redio, kila kitu. Maana yake mabati yale ni waya uliobeba mzigo, na ncha mbili za waya uliobeba mzigo hazina volti sawa. Simu ikiwa peke yake ilikuwa imeshikwa upande mmoja tu, kwenye amplifaya. Ilipopata chaja, ikashikwa na ethi ya mbele pia, duara likafunga, umeme wenye yale mawimbi ukapata njia kupitia ganda la waya wa sauti. Redio ilikuwa ikifanya hivyohivyo kila siku. Na amplifaya haijui msomaji ni nani wala alteneta ni nani. Tofauti yoyote inayoikuta pale kwenye RCA inaikuza.

Asubuhi niliunga waya mrefu kwenye hasi ya betri, nikauleta mpaka kwenye buti, nikaufunga kwenye ncha moja ya mita. Injini na taa zikiwa zinawaka na redio inasoma, niligusa ethi ya amplifaya: volti 0.28. Nikakwangua rangi kwa kisu kama vidole vinne kutoka kwenye bolti, nikagusa bati tupu: 0.03. Bodi ilikuwa nzima. Bolti ile nene ndiyo iliyokuwa inanyima umeme njia ya kurudi. Tulipoifungua tukaona: hesi zake zilikuwa na gundi kavu ya kiwandani, na chini ya kichwa chake rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Ni bolti ya kumshika mtu siku ya ajali, haikuwekwa pale kwa ajili ya umeme. Niliirudisha na kuikaza kama ilivyokuwa, na tangu siku ile sifungi waya kwenye bolti ya mkanda wa gari la mtu yeyote.

Ethi mpya tuliiweka kwenye sakafu ya buti, baada ya kuchungulia uvunguni kuhakikisha hapana tangi wala bomba. Tulipiga msasa mpaka bati likawa jeupe, tukaweka washa ya meno, ile pete ya chuma inayong'ata bati, waya mnene na mfupi, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu, kwa sababu hewa ya chumvi ya Tanga haiachi chuma tupu salama. Mluzi ulipungua karibu wote. Ukabaki uzi mwembamba uliokuja taa za mbele zikiwashwa, na huo tuliufuata nyuma ya dashibodi: redio ilikuwa inatumia waya mweusi wa gari, mwembamba, unaochangiwa na vitu vingine. Tukaipa ethi yake yenyewe kwenye chuma cha karibu. Mwisho nikaishusha geini ya amplifaya, yaani kiasi inachokuza sauti, ambayo kaka alikuwa ameifungua mpaka mwisho, ikabaki chini ya nusu, na sauti tukaitafuta kwenye redio. Kaka alinung'unika kidogo, akasikiliza, akaniambia niiache hapohapo.

Baba mdogo alirudi kutoka sokoni tukiwa tunarudisha siti. "Naomba uwashe, baba mdogo," nikamwambia, "na uwashe na taa." Akawasha, akapiga resi mara mbili tatu, akawasha feni, akawasha waipa. Alimwacha msomaji amalize sura nzima, kisha akaniuliza ule mluzi ulikuwa unatoka wapi. Nikampeleka kwenye buti, nikamshikisha mita, akagusa mwenyewe sehemu mpya, akasoma namba kwa sauti, nami nikamtajia ile ya bolti ya zamani. Halafu akauliza kichujio kiko wapi. Nilimpa, bado kiko kwenye nailoni yake. Kesho yake alikirudisha dukani. Pesa hawakumrudishia, lakini walimbadilishia kwa fyuzi za akiba na flashi moja, ambayo alinikabidhi nimjazie juzuu zote thelathini.