Disney ya Florida, watu sita, siku moja, bila kukopa hata senti

Kwanza niseme nimechoka na watu wa "huwezi kwenda Disney chini ya dola elfu sita". Nimeambiwa hivyo kazini, nimeambiwa msibani, nimeambiwa kwenye harusi ya Watanzania hapa hapa Georgia, Marekani, hadi na dada anayenisuka nywele. Kila mtu ana ushauri wake. Siku tano, viwanja vyao vyote vinne vya burudani, ulale hoteli ya ndani, ulipie na ile huduma ya kuruka foleni, watoto wavae masikio ya panya. Sasa mimi nahudumia wazee na baba watoto anafunga mizigo ghalani, hiyo elfu sita tungeiokota wapi? Tumeenda, tumerudi, na jumla ilikuwa kama elfu moja na mia tatu hivi, labda mia nne ukiweka vile vitu vidogo vidogo ambavyo mtu hapendi kuvihesabu.

Tulienda siku moja. Kiwanja kimoja. Basi.

Nilichagua Animal Kingdom, kile kiwanja chao cha wanyama, kwa sababu mbili, moja tiketi yake ndiyo huwa ya chini kuliko vile vingine vitatu (inaanzia dola 119 kabla ya kodi, ila bei inapanda na kushuka kulingana na tarehe kwaiyo achana na wikiendi kabisa), na ya pili mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa miezi mitatu na nilijua akiona twiga atatulia. Mtoto chini ya miaka mitatu haingii kwenye hesabu, wa mitatu mpaka tisa analipa pungufu kidogo, akifika kumi ni mtu mzima huyo. Kitindamimba wetu alikuwa anatimiza mitatu Desemba, mkubwa anatimiza kumi Novemba, kwaiyo Oktoba ilikuwa ndiyo yenyewe, shule zimefunga siku chache na kitindamimba bado wa bure. Baba watoto alisema naongea kama karani wa kodi.

Tuliondoka saa tisa usiku ili watoto walale njiani, ni barabara kuu ya I-75 tu hiyo, masaa saba na vituo vya choo, ukifika Kissimmee, mji wa jirani na Disney, kuna moteli zimepangana barabara ya 192 kama maduka ya Kariakoo. Ya kwetu ilikuwa sabini na kitu kwa usiku, ina chai ya asubuhi na bwawa la kuogelea. Si pazuri, lakini shuka zilikuwa safi.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Kuna mtu wa karibu sana, simtaji, aliniambia "nyie mnalipaje tiketi wakati kuna watu wanatoa bure?" Ukiingia kwenye mahoteli na migahawa ya ile barabara utakuta meza ndogo, dada mzuri anatabasamu, anakuuliza mmetoka wapi, watoto wazuri, mngependa kadi ya dola 150 ya kulipia tiketi? Mnachotakiwa kufanya ni kusikiliza maelezo ya dakika tisini na kunywa chai. Unaweka dola ishirini ya kushikilia nafasi, utarudishiwa. Mimi ninayehesabu mpaka vipande vya sabuni nikaingia mkenge mzima mzima na familia yangu nyuma.

Kumbe ni taimshea. Wanakuuzia wiki moja ya kulala kwenye hoteli yao kila mwaka, maisha yako yote. Tulikaa kwenye ukumbi wenye meza za duara, kila meza na familia yake na mchuuzi wake. Wa kwetu alikuwa kijana ana meno meupe, anamwita mama yangu bibi kwa Kiingereza, anachora duara kwenye karatasi anaonyesha tungetumia pesa ngapi kwenye mahoteli kwa miaka thelathini. Dakika tisini zikapita. Akaja wa pili, huyo mkubwa wake, na bei nyingine ya "leo tu". Nikamwangalia baba watoto nikaona anatikisa kichwa kukubali, yaani macho yameshalegea kama mtu anayesikiliza taarab, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Mama akaniuliza, "Anasema nini huyu?"

Nikamwambia anauza wiki moja ya hoteli kila mwaka.

"Wiki moja tu? Na hizo hamsini na moja anakaa nani?"

Sikutafsiri. Adhuhuri ikaingia, mama akaomba radhi, akatandika kanga yake pembeni karibu na jagi la maji akaswali, na ukumbi mzima ukashusha sauti, na kijana wa watu akasimama kwa adabu hajui mikono aiweke wapi. Akamaliza, akarudi, akavuta kiti. "Muulize, nikifa hiyo wiki inakuwaje?"

Nikatafsiri. Jamaa akafurahi kweli, akasema hiyo ndiyo raha yake, watoto wanarithi!

"Na ile ada ya kila mwaka?"

Nikatafsiri. Jamaa akanywa maji.

Mama akasimama akakunja kanga. "Mwanangu inuka, huyu anauza deni."

Mngedhani imeisha. Dirisha la zawadi wakasema fomu lazima isainiwe na meneja, meneja yuko kikaoni, tusubiri. Tukasubiri kama dakika arobaini, kitindamimba amekojoa mpaka soksi, wa kati analia njaa, mama anasoma tasbihi yake kwa sauti kidogo kuliko kawaida. Tukaondoka. Kadi hatukupata, ishirini yetu hatukurudishiwa, nusu siku ya bwawa imekwenda. Tiketi nikanunua usiku ule ule kwa simu, zote tano mia saba na kitu pamoja na kodi, roho ikaniuma lakini nikalala. Aliyenipa ule ushauri aliponiuliza safari ilikuwaje nilimwambia nzuri sana.

Ushauri mwingine mbovu ni ule wa "paki gari bure Disney Springs (eneo lao la maduka na migahawa) alafu panda basi". Maegesho ya pale ni bure kweli, ila basi la moja kwa moja kwenda viwanjani hakuna, inabidi uende kwanza hoteli mojawapo ndipo ubadilishe, na watoto watatu na bibi! Lipa tu maegesho ya kiwanjani uingie mapema. Mapema yenyewe ni kabla hawajafungua, kwa sababu wanyama asubuhi wako macho, jua likipanda wanalala kama sisi.

Chakula ndiyo sehemu niliyowashinda. Watu wengi hawajui kwamba unaruhusiwa kuingia na chakula chako, mradi hakuna chupa za glasi wala pombe. Nilikuwa na deli dogo, ndani chapati za kukunja na mayai, katlesi, kachori alizopika mama usiku kwenye jiko la umeme la kubeba (moteli wasinisikie), ndizi mbivu, na juisi ya ukwaju. Kosa langu nilijaza barafu za mashine ya moteli, mkaguzi wa mlangoni akafungua akasema barafu ya kumwaga hairuhusiwi, nikaimwaga yote mbele ya foleni. Bahati nzuri chupa za juisi nilikuwa nimezigandisha tangu nyumbani na zilikuwa bado mawe, ndizo zikafanya kazi ya barafu mpaka saa nane, alafu tukazinywa. Maji usinunue, nenda dirisha lolote la chakula omba glasi ya maji ya barafu, wanakupa bure, nenda hata mara kumi. Glasi za pale hazina vifuniko wala mirija ya plastiki, wanaogopa isiwafikie wanyama, kwaiyo mtoto atamwaga, beba nguo. Kigari cha mtoto wanakodisha ila kanga ya bibi haikodishwi, kitindamimba alibebwa mgongoni siku nzima na wazungu wakaomba kupiga picha.

Sasa lile eneo la Afrika. Jamani. Wamejenga kijiji kizima wamekiita Harambe, maandishi ya Kiswahili kila kona, kuta zimebanduliwa rangi makusudi zionekane za zamani, mpaka "Uhuru 1961" wameandika. Mama akasoma, akasimama. "Sisi ndio tulipata uhuru sitini na moja, hawa wamepataje?" Duka la vitu vitamu linaitwa Tamu Tamu, baa inaitwa Dawa, mama akaenda dirishani akidhani ni famasi, anataka ya mgongo.

Alafu ukipanda gari la safari inaitwa Kilimanjaro Safaris, na mlima hakuna! Mlima upo upande wa pili wa kiwanja, wa kutengeneza, nao ni Everest. Dereva akatusalimia "Jambo!" na watu wote wakaitikia jambo, mama akaitikia "Hatujambo mwanangu, habari za kazi, umeamkaje?" Dereva wa watu akatabasamu akawasha gari. Lakini wanyama ni wa kweli, twiga alipita karibu mpaka tukaona kope zake, tembo, faru, viboko wamelala kwenye maji, dakika kama ishirini hivi. Mama alikuwa kimya muda wote nikajua amefurahi. Tulipopita mibuyu akanigusa bega. "Ule mbuyu si mbuyu." Nikamwambia ni wa kutengeneza. "Nimejua. Hauna hata buyu moja, na chini hapana mtoto." Ule mti mkubwa wa katikati nao, wa futi 145 uliochongwa wanyama zaidi ya mia tatu, ndani yake ni fremu kama ya mtambo wa kuchimbia mafuta baharini, huo aliusamehe kwa sababu haujifanyi mbuyu.

Tulirudia safari saa kumi na moja jioni, ni tiketi ile ile, na foleni ilikuwa imepungua sana.

Kuhusu Everest, lile treni linalokimbia na kurudi nyuma gizani, lazima mtoto awe na inchi 44. Wa kati ana miaka sita, nyumbani kwenye fremu ya mlango alikuwa 43 na nusu. Mimi nikajifanya mjanja, nikamsuka mafundo mawili juu ya utosi, makubwa, na raba zenye soli nene. Nilijisifu njia nzima. Mama wa pale mlangoni akamsimamisha kwenye kijiti, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akaweka kiganja juu ya mafundo akayabonyeza taratiiibu mpaka yakalala. Wala hakusema kitu. Mtoto akalia kilio cha msiba na mimi nikajifanya naangalia simu.

Lakini hapo hapo nikajifunza kitu, kuna utaratibu wa kubadilishana, unamwambia yule wa mlangoni una mtoto asiyefika, mzazi mmoja anapanga foleni anapanda, mwingine anabaki na mtoto, alafu wa pili anaingia njia ya mkato bila kupanga tena, na anaruhusiwa kuingia na mtu. Kwaiyo mkubwa wetu alipanda na baba yake, akapanda tena na mimi. Haina malipo. Mimi nilipiga kelele za Kisambaa ambacho hata sikijui vizuri. Wa kati tulimpoza na ile ya mitumbwi ya mto, hiyo ni inchi 38, ila mnalowa mpaka mifupa, beba kandambili na yale makoti ya mvua ya duka la dola moja, ya ndani bei yake utacheka.

Jioni ndiyo nilijiona profesa. Kutoka pale kiwanjani kuna basi la bure linaenda Animal Kingdom Lodge, hoteli yao ya bei mbaya, na hata kama hujalala pale unaweza kuingia ukaangalia wanyama kwenye eneo la nyuma. Jengo linaitwa Jambo House, kuna mgahawa unaitwa Boma na mwingine unaitwa Jiko, bei zake si za jikoni, na bwawa la kuogelea linaitwa Uzima. Tulikaa kwenye jiwe la kuangalizia linaloitwa Arusha, twiga na pundamilia wanakula majani mbele yetu, jua linazama, watu waliolipia mamia ya dola kwa usiku wako upande wetu wa kulia na sisi tunamalizia kachori. Mama akampigia simu dada yake Tanga kwa video, huko ni usiku wa manane, anamwamsha amwonyeshe twiga. Mama mdogo akasikika, "Umeenda Marekani kuangalia twiga?" Simu ikakatwa, mama akasema mtandao.

Mafuta ya gari kwenda na kurudi sikumbuki vizuri, mia moja na kitu, moteli usiku tatu.

Wa kati bado anajipima kwenye mlango kila Jumapili. Juzi amefika 44 na robo, bila nywele, bila raba, akaenda kumwita baba yake ashuhudie. Nimewaambia wote ile rula imeharibika.