Namna nilivyojiandaa kwa usaili wa mahojiano baada ya kushindwa mara ya kwanza

Usaili wangu wa kwanza wa nafasi ya Afisa Kilimo niliufanya kabla sijatimiza mwaka tangu nihitimu chuo, na nilitoka katika chumba kile nikijua kwamba nimeshindwa. Swali lililoniangusha lilihusu kiduha, gugu ambalo kila aliyekulia Kongwa amewahi kuliona katika shamba la mtama. Nilitaja jina lake la kitaalamu, nikaeleza kwamba hufyonza chakula kwenye mizizi ya mmea mwingine, kisha nikanyamaza. Mjumbe mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole, "Sasa mkulima afanye nini?" Nilijibu kwamba mkulima atapewa elimu.

Jibu hilo liliniuma kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeng'oa kiduha pamoja na mama yangu tangu nikiwa shule ya msingi. Maarifa nilikuwa nayo, ila sikuwa nimewahi kuyaeleza kwa mpangilio mbele ya mtu anayenisikiliza.

Nilipoitwa tena, kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nilianza na tangazo lenyewe. Kila jukumu lililotajwa nililiandika juu ya ukurasa wake katika daftari, na chini yake nikaandika ni lini nimewahi kulifanya, wapi, na nini kilitokea. Kurasa tatu zilibaki tupu. Nilimwomba afisa ugani wa kata yetu anikubalie nifuatane naye, nikatembea naye mashambani kwa wiki mbili, na mbili kati ya kurasa hizo zikajaa.

Kazi kubwa zaidi niliifanya na mjomba wangu, mkulima wa mtama na alizeti ambaye hajawahi kukaa mbele ya jopo lolote. Kila jioni baada ya chakula alishika daftari langu na kuniuliza, nami nilipaswa kujibu kwa sauti. Siku ya pili nilisema kwamba nitawahamasisha wakulima. "Mpwa wangu," akasema, "mimi nimeshahamasika. Kesho asubuhi nishike nini?" Kuanzia hapo nilijifunza kueleza kwamba kiduha hung'olewa kabla hakijatoa maua, kwa kuwa mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi, kwamba samadi husaidia kwa sababu gugu hilo hushamiri katika udongo uliochoka, kwamba mtama upandwe kwa kupishana na kunde au karanga, na kwamba zipo mbegu zinazokivumilia, kama Wahi na Hakika.

Vyeti halisi na kitambulisho niliviweka katika bahasha moja siku mbili kabla, na usiku wa kuamkia usaili nililala kwa shangazi yangu Ng'hong'hona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ili nisitegemee basi la alfajiri kutoka Kongwa.

Kiduha hakikuulizwa. Niliulizwa ningefanyaje iwapo wakulima wa kijiji chenye mvua haba wangeng'ang'ania mahindi na kukataa mtama. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikaanza na sababu zao, jambo ambalo naamini lilinisaidia kuliko yote: mtama huliwa na kwelea kwelea, kuwaamia ndege hao huchukua siku nzima za watoto na wazee, na wengi hupenda zaidi ugali wa mahindi. Baada ya hapo ndipo nilipoeleza kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwamba ukame wa katikati ya msimu ukiyakuta mahindi yanatoa mbelewele, mavuno hupotea. Hivyo ningeanza na wachache walio tayari kutenga sehemu ya shamba, wakipanda kwa wakati mmoja ili ndege wasielemee shamba moja.

Swali la mwisho lilihusu taratibu za manunuzi, na ule ukurasa wa tatu ulikuwa bado mtupu. Nilisema kwamba sizifahamu vya kutosha kuzieleza, nikataja ofisi ambayo ningeiuliza ndani ya halmashauri kabla ya kuchukua hatua. Mwenyekiti aliandika kitu, akanishukuru.

Jina langu lilitoka katika orodha ya waliopangiwa vituo vya kazi. Nilipompigia mjomba kumjulisha, alinipongeza, kisha akauliza kijiji nilichopelekwa wanapanda nini.