Gesi ya MIG, hatimaye nimepata ya bei ninayoiweza

Jamani leo nina furaha kweli. Miezi miwili mashine yangu ya MIG (ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe huku gesi ikikinga mshono) imekaa tu uani sababu ya gesi, maana kila nikiulizia ule mchanganyiko wa agoni na CO2 natajiwa bei haishikiki na dhamana ya mtungi juu, wakati mimi nachomelea Jumamosi tu, vigeti na stendi za maua za mama watoto. Juzi fundi mmoja pale Gerezani, Dar, akaniambia kaka kwa chuma cha kawaida chukua CO2 tupu, gesi ileile inayowekwa kwenye soda. Nikapata mtungi wa mtumba wa kilo 10 uliopimwa presha, nikanunua regulata yake (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka) maana ya agoni haiingii, nikafungulia lita 12 kwa dakika. Cheche zinaruka zaidi ni kweli na unasugua kidogo na brashi ya waya, ila mshono unazama ndani ya chuma vizuri mno!! Na geji ya presha isiwadanganye, mle ndani CO2 ni kimiminika kwahiyo inasoma karibu vilevile mpaka inakaribia kuisha, pimeni mtungi kwenye mizani. Aluminiamu msijaribu nayo kabisa, hiyo inataka agoni.