Thimlich Ohinga: mawe yaliyoipa Migori sifa

Thimlich Ohinga ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe, katika Kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya; ohinga kwa Kiluo ni boma la namna hiyo. Kutoka Kisumu ni kilomita zipatazo 180. Nilipita Rongo, nikashika barabara ya Homa Bay hadi Rodi Kopany, nikageuka kusini kupitia Mirogi mpaka soko la Miranga, penye kibao cha kuelekeza. Nenda asubuhi, kabla jua halijakaa utosini.

Nilitaka kuona ukuta unavyosimama. Hauna saruji wala udongo wa kushikisha, na mawe yake hayakuchongwa. Waliouanza, yamkini katika karne ya 16, walipandisha nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe yanayoumana, kisha wakajaza katikati vijiwe vidogo. Hivyo vijiwe ndivyo roho ya ukuta: vikimwagika, uso hufura kama tumbo, halafu huporomoka. Kimo ni mita 1.5 hadi 4.5, unene wastani wa mita 1. Penye mipindo wameegemeza mihimili ya mawe. Milango ni mifupi kwa makusudi, adui aingie ameinama huku mlinzi akimngoja pembeni.

Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Nilikawia Kochieng, penye alama za mazizi na mashimo ya bao kwenye mwamba. Watu waliishi Thimlich kwa vizazi hadi katikati ya karne ya 20. Haya si magofu ya wageni.

Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia, ikitambua kwamba ndiyo ohinga kubwa na iliyohifadhika kuliko zote. Sasa Migori inatajwa pamoja na Lamu na Fort Jesus, na ni haki yake kabisa.

Sifa hiyo inahitaji mikono. Mizizi hupanua nyufa, mifugo hukwangua kingo, wageni hupanda juu kupiga picha. Palipobomoka, piga picha kwanza, tia mawe namba, shusha hadi safu iliyo imara, kisha rudisha kila jiwe na uso wake uleule. Usiweke saruji hata kidogo: huzuia maji kupita, na ukuta uliozoea kujisogeza kidogo kidogo hupasuka.

Unapotoka mlangoni, inama kabisa, wala usishike jiwe la juu.