Jinsi nilivyowasaidia vijana kuisema mishororo ya Shakespeare bila kuighani

Nilipoombwa kuwaandaa vijana 14 wa shule moja ya hapa Mombasa waigize Julius Caesar kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 kisha ikarekebishwa 1969, nilidhani kwamba msamiati ndio utakaotushinda. Haukutushinda. Neno gumu huulizwa nyumbani, na binti mmoja wa Kibokoni alikuwa akituletea kila Jumatatu majibu ya nyanyake. Kilichotusumbua kwa wiki nyingi ni pahali pa kutua.

Vijana hawa wamelelewa katika kughani. Sikio lao limezoea utenzi, wenye vipande vinne katika kila ubeti na mizani nane katika kila kipande, ambamo maana aghalabu hutulia pale pale kina kinapoangukia. Shakespeare, kwa upande wake, aliiandika sehemu kubwa ya tamthilia hii kwa mishororo isiyo na vina, yenye silabi kumi kwa kawaida, na mara nyingi fikira huvuka mwisho wa mshororo ikaja kukomea katikati ya ule unaofuata. Waigizaji wangu walitua kila mwisho wa mshororo, wakaisema hotuba ya Antony katika mazishi ya rafiki yake Caesar, aliyeuawa na Brutus na wenzake, kana kwamba ni kaswida, na aliyesikiliza hakujua nani analaumiwa kwa lipi.

Niliwatoa darasani, tukatembea uani. Sharti lilikuwa moja: mtu ageuke anapofika penye alama ya kituo, na asipoiona aendelee mbele hata kama mshororo umekwisha.

"Mwalimu, hapa nisitue?" akauliza kijana aliyeigiza Antony.

"Umemaliza ulilotaka kusema?"

"Bado."

"Basi nenda, mwanangu."

Siku ya tatu niliwakumbusha kwamba washairi wetu wana jina la mishororo ya namna hii, yaani mishata, na nikaona nyuso zikifunguka, kwani jambo walilodhani ni la Waingereza lilikuwa na jina katika lugha yao.

Tatizo la pili lilikuwa mkazo. Mshororo wa Kiingereza wa Shakespeare huenda kwa mapigo matano mazito, lakini mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mapigo yale hayawezi kuhamia kwetu. Kijana aliyeigiza Cassius, mshirika wa Brutus katika njama, alikuwa amesikiliza waigizaji wa Kiingereza, akawa anapaza sauti pasipostahili. Nilimwonyesha kwamba Kiswahili hulitia neno uzito kwa kulitanguliza au kwa "ndi-": "Brutus alimuua" na "Brutus ndiye aliyemuua" ni kauli mbili tofauti hata zikisemwa kwa sauti ile ile. Tangu hapo tulitafuta uzito ndani ya sentensi kabla ya kuutafuta kooni.

Kabla ya kuishika tafsiri kwa moyo, kila mmoja alilazimika kuyasema maneno yake kwa Kimvita, kama anavyosema na watu wa nyumbani kwao. Binti aliyeigiza Portia, mke anayemsihi Brutus amfunulie siri, alisema tu, "Wanificha nini, nami ni mkeo?" Sote tukanyamaza. Nikamwomba arudie maneno ya kitabu papo hapo, kabla hisia ile haijapoa.

Hotuba ya Antony ilitugharimu muda kuliko zote, na naamini ilistahili. Katika maandishi ya Shakespeare, Brutus huwahutubia raia kwa nathari na Antony kwa mishororo, na Antony hurudia tena na tena kumsifu Brutus kuwa mtu wa heshima. Kijana wangu aliitamka sifa ile kwa kejeli tangu mara ya kwanza. Nilimweleza kwamba wakati huo umati bado ni wa Brutus, na akimkejeli mapema watamfukuza. Mara ya kwanza aseme kama anayekubali, mara ya pili kama anayejiuliza, na kejeli waisikie wasikilizaji wenyewe kabla yeye hajaitia. Tulifanya hivyo jioni nne mfululizo, wenzake wakiwa raia walioruhusiwa kumzomea wasipomwamini.

Siku ya onyesho, aliposema maneno yale mara ya tatu, mzee mmoja wa safu ya mbele aliguna, na kijana akamgeukia yeye akaendelea naye hadi penye kituo.