Pumzi kabla ya Zaburi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikifungua Biblia alfajiri huku mawazo yakinitangulia kwenye shughuli za siku, na mara nyingi nilimaliza sura nzima bila kukumbuka hata mstari mmoja. Sasa, kabla ya kusoma, ninaketi wima, ninavuta hewa polepole puani kwa hesabu ya nne, kisha ninaitoa kwa hesabu ya sita, na kuendelea hivyo kwa dakika tatu. Kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na mwili wangu ukitulia, akili nayo huacha kutangatanga. (Anayehisi kizunguzungu asijilazimishe.)

Siku hizi ninasoma Zaburi ya 119, yenye mistari 176 iliyopangwa katika mafungu 22 kwa kufuata herufi za Kiebrania. Ninasoma fungu moja tu kwa siku, na kati ya mstari na mstari ninavuta pumzi moja. Kupumua huku sikuhesabu kuwa sala, kwani sala huanza baadaye, nikiwa nimekwisha kutulia. Jana nilifika fungu la tisa, na mstari wa 71, unaozungumzia wema wa kuteswa, nilikaa nao hadi kulipopambazuka.